Mwalimu Gozbert na Mashine Iliyokataa Kumaliza

Kama kulikuwa na mtu Temeke nzima mwenye mambo mengi yaliyokaribia kwisha, basi ni Mwalimu Gozbert. Nyumba yake ya Gongo la Mboto ilikaribia kwisha kwa miaka tisa. Vyumba viwili vilikuwa na bati, viwili vilitazama mbingu, na katika kimoja kati ya hivyo vya mwisho uliota mpapai ambao ulishazaa mara tatu. Shahada yake ya pili ilibakiza sura moja. Leseni ya udereva ilibakiza kwenda kupiga picha. Ukimuuliza hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyekwisha kushika kitu mkononi, akasema, "Hiyo imeshakwisha. Bado kumalizia tu."

Hiyo "tu" yake ilikula miaka ya watu.

Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, akaja Dar es Salaam na kichwa chenye hesabu na mdomo wa kukisifia hicho kichwa. Walimu wenzake walimwita Nshomile, jina ambalo watu wa mjini humtania nalo Mhaya aliyesoma na asiyependa jambo hilo lisahaulike. Yeye alilipokea kama cheo. Alifundisha hesabu na kompyuta katika sekondari moja ya binafsi Chang'ombe, shati jeupe limenyooshwa hadi ukosi, na kwa miaka kumi na minne hakuchelewa kipindi hata kimoja. Hilo lisemwe, mtu asije akadhani alikuwa mvivu. Mvivu haanzi. Gozbert alianza, akasukuma, akatoka jasho, akafika mahali ambapo hakuna tena wa kumshinda. Hapo ndipo alipokaa kitako na kukunja nne.

Kwa Jovina alifanya vivyo hivyo.

Jovina alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Temeke, mwanamke wa maneno machache na mwendo wa haraka, naye ni wa Kagera. Gozbert alimfuata miaka miwili bila kukata tamaa. Aliwashinda wanaume watatu, mmoja wao mwenye gari. Mahari ikapelekwa Bukoba, ikapokewa, wazee wakanywa pombe ya rubisi wakaimba. Mafundisho ya ndoa wakahudhuria parokiani hadi siku ya mwisho. Kilichobaki ni kwenda ofisi ya parokia kuandikisha majina, yatangazwe kanisani Jumapili tatu, kisha wafunge ndoa. Kuandikisha ni kazi ya robo saa. Ilikuwa imebaki kwa miaka minne.

"Kwani kuna mtu atanipokonya?" alisema kila alipoulizwa. "Mahari imeshapokewa. Haraka haraka haina baraka."

Mama yake Jovina alimpigia simu binti yake akamkumbusha wahenga walivyosema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Jovina akamjibu kwamba huyo mwana ni yeye mwenyewe, na kwamba amechoka kukaa akijitazama anavyochelewewa.

Mwezi wa kwanza ikaja barua ya uhamisho. Jovina alitakiwa kuripoti Tunduru, kusini kabisa, tarehe moja Machi. Mtumishi mwenye cheti cha ndoa anaweza kuomba abaki alipo mwenzake. Mtumishi ambaye mahari yake imepokewa hana karatasi ya kuonyesha. Na Kwaresima ilikuwa inakuja, ndoa zisifungwe tena hadi Pasaka ipite. Jovina akasimama mbele ya kalenda ya ukutani na kidole chake cha kuhesabia matone ya dripu, akarudi nyuma kutoka Jumatano ya Majivu: ndoa Jumamosi ya kabla yake, matangazo Jumapili tatu za kabla ya hapo. Siku ya mwisho ya kuandikisha ikaangukia Jumamosi, tarehe ishirini na nane Januari, kabla ya saa kumi alasiri, maana saa kumi ofisi inafungwa.

"Nikienda Tunduru siendi kama mchumba wa mtu," alimwambia Gozbert, bila kupandisha sauti. "Baba atarudisha mahari. Mie siyo nyumba ya Gongo la Mboto."

Gozbert alishikwa na hofu ya kweli. Aliapa kwamba Jumamosi hiyo saa tisa kamili watakuwa njiani kwenda parokiani. Alipofika kwake, hofu ikapungua kidogo. Alipoamka asubuhi, ikawa imepungua zaidi. Jambo lenyewe si lilikuwa limeshakwisha? Bado kuandikisha tu. Na hivyo hakuona tatizo kwamba Jumamosi ileile, saa saba mchana, alikuwa amemwahidi Fundi Anwar mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa sataranji, na aliyecheza upande wa Gozbert si Gozbert. Kwa miaka miwili, kila alipotoka shule, aliandika programu ya kompyuta ya kucheza sataranji, mstari kwa mstari, kwenye kompyuta ndogo ya zamani ambayo feni yake ililia kama cherehani isiyotiwa mafuta. Hii alidai ameimaliza kabisa. Mashine ilimpiga mwalimu wa fizikia, ikampiga mkuu wa shule, ikampiga Gozbert mwenyewe hadi akaona fahari kupigwa. Haikushindwa hata mara moja. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyeligundua: wote waliocheza nayo walikuwa watu wastaarabu. Wakishanyang'anywa malkia, walimlaza mfalme wao ubaoni, wakampa Gozbert mkono, wakasema hongera. Hakuna aliyeisubiri mashine imalize.

Anwar hakuwa mstaarabu wa aina hiyo. Alikuwa fundi wa kuchonga vyuma, mzaliwa wa Lindi, mwenye karakana ya mabati nyuma ya viwanda vya Chang'ombe, na sataranji alijifundisha mwenyewe kwenye simu akisubiri wateja. Kete zake alizitengeneza kwa mkono kutokana na vyuma chakavu. Askari walikuwa nati, ngome zilikuwa beringi, farasi boliti zilizopindwa, na malkia alikuwa valvu ya injini ya lori. Mtu akimletea ekseli iliyokatika vipande vitatu, Anwar hakuwahi kusema haiwezekani. Alisema, "Iache hapo." Mtu wa namna hii hamlazi mfalme wake.

Saa saba wakakaa, kreti la soda kama meza, mafundi watano wamesimama kuwazunguka. Kompyuta ikitaja hatua yake, Gozbert anasogeza kete. Anwar akicheza, Gozbert anaiandikia kompyuta. Mwanzoni Anwar alicheza vizuri, mafundi wakampigia makofi. Kisha mashine ikaanza kumla. Ikala farasi, ikala beringi zote mbili, ikala valvu. Gozbert akawa anaeleza kwa sauti ya darasani.

"Hapo imeangalia hatua elfu themanini, fundi. Elfu themanini! Wewe umeangalia ngapi?"

"Mie nimeangalia moja," alijibu Anwar. "Hii niliyocheza."

Ilipofika saa nane na nusu, Anwar alibaki na mfalme mtupu, boliti moja nene imesimama peke yake katikati ya ubao. Mashine ilikuwa na mfalme, malkia na ngome. Hata mtoto aliyejifunza juzi angeumaliza mchezo ule kwa hatua tano. Gozbert akaegemea nyuma, mikono kisogoni.

"Imeshakwisha hiyo," alisema. "Laza mfalme, fundi, tunywe soda."

"Nifunge kwanza, ticha."

"Nikufunge nini tena? Si unaona mwenyewe?"

"Naona sijafungwa." Anwar akavuta kopo la maziwa ya unga, akachukua gunia la washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu ambavyo huhesabia boliti za wateja. "Kanuni si unaijua? Hatua hamsini kila mtu bila kula kete, bila kusogeza askari, ni sare. Na hapa hakuna cha kula wala askari. Nahesabu." Akasogeza mfalme, akadondosha washa moja kwenye kopo. Ng'ing'.

Gozbert akacheka. Mashine ikasema malkia kulia, akamsogeza kulia. Mfalme wa Anwar akakwepa. Ng'ing'. Mashine ikasema ngome chini. Ng'ing'. Malkia kushoto. Ng'ing'. Kila hatua ilikuwa nzuri, kila hatua mfalme yule alisukumwa kuelekea kona akikaribia kufa, na kila hatua mashine iliandika kwenye kioo, kwa maneno aliyoyatunga Gozbert mwenyewe kwa majigambo: NIMESHASHINDA. Kisha ikarudi nyuma. Ikazunguka. Ikaja tena. Mafundi wakaanza kutazamana.

Jovina aliingia washa zikiwa kumi na saba. Alivaa gauni la kitenge la kanisani, na mkobani alikuwa na bahasha yenye vyeti vya ubatizo na vya mafundisho, vyake na vya Gozbert, kwa sababu vya Gozbert navyo alikuwa akivitunza yeye. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

"Twende," alisema.

"Dakika mbili tu, mama. Imeshakwisha, angalia. Bado kumalizia tu."

Jovina akavuta kiti cha plastiki akakaa. Sataranji hakuijua. Kuhesabu alijua. Akawa anasikiliza washa zinavyodondoka, midomo inacheza kidogo, kama anavyofanya wodini.

Saa tisa na robo zilikuwa ishirini na tisa. Kompyuta ilikuwa nzito, feni inalia, na kila hatua ilichukua muda wake. Gozbert alikuwa ameacha kueleza. Shati jeupe lilimganda mgongoni. Mara mbili mfalme wa Anwar alikuwa hatua moja tu kutoka kufungwa, kila mtu aliiona, hata mafundi wasiojua mchezo waliiona, na mara zote mbili mashine ikachagua kitu kingine.

"Mpige hapo, ticha!" fundi mmoja akapiga kelele. "Hapo hapo!"

"Siwezi kucheza mimi, lazima icheze yenyewe," alisema Gozbert.

Ng'ing'. Thelathini na tatu.

"Gozbert." Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Sauti ya Jovina haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Kwa nini haimalizi?"

"Nadhani nimeelewa tatizo." Alijifuta jasho. Alikuwa mwalimu, na mwalimu akiulizwa swali zuri hawezi kujizuia kulijibu. "Mimi ndiye niliyeipa alama. Niliandika kwamba mfalme wa mpinzani akifungwa, ipate alama milioni. Akifungwa sasa hivi ni milioni. Akifungwa hatua tatu zijazo ni milioni ileile. Sikuiambia kwamba mapema ni bora. Kwa hiyo kwake yote ni sawa. Inaona ushindi upo, inaona hakuna wa kuunyang'anya, basi inachagua hatua yoyote ile, na kesho yake tena yoyote ile, kwa sababu inajua kwamba wakati wowote ikitaka inaweza…"

Mkono ulikuwa umebaki hewani juu ya valvu ya lori.

"Endelea," alisema Jovina.

"Inaweza kumaliza."

Hakuna aliyecheka. Anwar, ambaye angeweza kusema neno, aliinamia kopo lake akajifanya anatafuta kitu. Gozbert alimtazama mwanamke yule aliyekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chenga za chuma, gauni zuri, mkoba magotini, saa ya mkononi imegeuziwa ndani kama wavaavyo wauguzi. Akaiona miaka minne kwa mara ya kwanza, yote kwa pamoja, na haikuwa miaka yake yeye. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Fundi," alisema. "Sare."

"Sare? Una malkia na ngome, ticha! Bado washa kumi na saba. Huenda ikajirekebisha."

"Haitajirekebisha. Sare. Nimekubali mbele ya watu wote hawa." Akaifunga kompyuta, feni ikanyamaza. "Jovina, tuna dakika ngapi?"

"Thelathini na moja."

Mafundi walisimulia kwa wiki nzima jinsi Nshomile alivyokimbia. Bajaji ya kwanza ilikuwa imejaa vyuma. Ya pili dereva alikuwa anakula, akataka amalize sahani yake kwanza, na Gozbert akamwambia kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia maishani kwamba atakula baadaye. Barabarani lori la saruji lilikuwa linarudi nyuma kuingia kiwandani, taratibu, utingo anapiga bodi, twende, twende, simama, twende. Gozbert hakusema tutafika. Hakusema usijali. Jovina aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Walipoingia uwanja wa kanisa, katekista, Mzee Wilfred, alikuwa mlangoni mwa ofisi na kufuli mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema Gozbert akihema.

"Marahaba. Mwalimu? Si nyie mlioleta barua ya kuomba nafasi mwaka juzi? Na mwaka jana?"

"Ndiyo sisi, mzee. Tunaomba utuandike."

Mzee Wilfred aliangalia saa ya ukutani kupitia dirishani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Aliangalia kufuli. Alikuwa mtu wa sheria, na pia alikuwa mtu ambaye chakula chake kilimsubiri nyumbani. Akapumua kwa nguvu, akafungua mlango. Akatoa daftari kubwa la jalada jeusi, akalamba kidole, akafungua ukurasa.

"Orodha ya kesho imejaa," alisema.

Gozbert akakishika kiti.

"Imejaa upande huu," aliendelea mzee, akageuza karatasi kwa utulivu wa kuudhi. "Upande wa pili bado mistari miwili. Vyeti?"

Jovina alishaviweka mezani kabla neno halijaisha. Mzee akavisoma kimoja kimoja, akasogeza miwani, akaandika jina la Gozbert kwa herufi za kupendeza, kisha la Jovina. Kalamu ikasimama.

"Tarehe ya ndoa?"

Jovina alikuwa amemjua mtu huyu miaka sita. Alijua jibu lake kwa maswali ya aina hii: tutaangalia, tutakaa na kamati, tutakujulisha.

"Iliyo karibu kuliko zote," alisema Gozbert. "Tarehe kumi na nane mwezi wa pili, saa nne asubuhi. Kama saa nne imechukuliwa, saa mbili. Kama saa mbili imechukuliwa, tutakuja misa ya alfajiri."

"Na kamati ya harusi? Ukumbi? Siku ishirini na moja, mwalimu!"

"Watatulaumu, mzee. Watakuja kutulaumu tukiwa tumeshaoana."

Mzee Wilfred akaandika. Ilimchukua dakika nne, yote, pamoja na kutafuta muhuri.

Nje jua la alasiri lilikuwa bado kali, wanakwaya walikuwa wanaingia kufanya mazoezi. Jovina alifika kwenye ngazi ya kanisa, akakaa bila kutandika chochote chini ya gauni lake zuri, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyetua ndoo aliyoibeba kutoka mbali, na wanakwaya wakapita pembeni kwa heshima wakidhani kuna msiba. Gozbert akakaa kando yake.

"Ningeondoka," alisema Jovina alipoweza kusema. "Usije ukadhani nilikuwa nakutisha. Nilishapata hadi chumba cha kupanga kulekule. Kodi ningetuma leo jioni."

"Najua."

"Hujui. Baba ameshawaita wazee. Wanakaa kesho baada ya misa, wapange jinsi ya kurudisha mahari."

Kumbe huko Bukoba mambo yalikuwa yanasogea, na yeye amekaa karakanani mikono kisogoni. Akatoa simu. Jovina akadhani atasema atapiga usiku, mtandao ukiwa mzuri, au kesho baada ya kufikiri vizuri. Lakini alishabonyeza, na simu ilikuwa inaita, akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo, baba. Ni mimi, Gozbert."

"Marahaba." Sauti ya Mzee Deogratias, baba yake Jovina, ilikuwa kavu kama muhogo uliosahaulika juani. "Nakusikia."

"Baba, tumetoka parokiani sasa hivi. Tumeandikishwa. Majina yanatangazwa kesho. Ndoa ni tarehe kumi na nane mwezi wa pili, saa nne asubuhi."

Upande wa pili kuku akasikika, na mlango ukifungwa mahali fulani.

"Umesema tarehe?" mzee akauliza.

"Kumi na nane, baba. Mwezi wa pili."

"Siyo 'karibuni'? Siyo 'Mungu akipenda, mwaka huu'?"

"Tarehe kumi na nane. Ni Jumamosi."

Walimsikia mzee akivuta pumzi ndefu, na alipoongea tena, hakuwa anaongea nao. Alikuwa amegeukia ndani ya nyumba, na ile sauti kavu ilikuwa imepasuka katikati, ya mtu anayecheka na kitu kingine kimemkaba.

"Mama Jovina! Acha hivyo vyombo, njoo. Njoo na kalamu. Huyu mtu ametaja tarehe!" Kisha akarudi kwenye simu. "Haya, mwanangu. Rudia polepole, mama yako anaandika."